Lakiri ya Mkaguzi

Jumatatu asubuhi mtunza boila alifungua mlango wa bati wa chumba cha moto, akakuta lakiri imekatwa.

Ijumaa ilikuwepo. Mkaguzi wa mitambo wa serikali aliifunga kwa mkono wake mwenyewe kwenye mlango wa tanuru: waya mwembamba, kipande cha risasi kilichogongwa muhuri, na kadi nyekundu iliyoandikwa USIWASHE. Sasa ile risasi ilikuwa sakafuni, imekanyagwa hadi imebapa, na kadi haikuonekana. Kuni zilikwisha kupangwa kando ya tanuru. Mtu fulani alikuwa amemrahisishia kazi.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni. Mvuke wa boila hiyo ndio uliochemsha mafuta kwenye mapipa ya ghorofa ya juu. Bila mvuke hakuna sabuni, na bila sabuni wanawake arobaini wa chumba cha kufungashia, ukuta mmoja tu kutoka kwenye boila, hawakuwa na kazi ya kufanya. Mtunza boila alikuwa ameitumikia miaka kumi na mmoja. Hakuwa mtu wa maneno. Akiitwa alijibu "Naam," akiagizwa alijibu "Naam," hata wenzake wakambandika jina hilo, Bwana Naam, naye akaliitikia kwa neno hilohilo.

Alichuchumaa, akapitisha kiganja chini ya tumbo la boila, pale mabamba mawili ya chuma yalipoungana. Palikuwa pabichi. Hapo ndipo alipomwonyesha mkaguzi ile Ijumaa, na ndipo mkaguzi alipotikisa kichwa na kutoa waya wake. Akainua macho. Vali ya usalama, ile inayotakiwa ipumue yenyewe mvuke unapozidi, ilikuwa imefungwa waya mnene isifunguke. Huo Ijumaa haukuwepo.

"Mbona hujawasha?"

Aliyeuliza ni msimamizi wa zamu, amesimama mlangoni na koti lake safi la kazi. Alikuwa kaka yake, wa tumbo moja, aliyemzidi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyemlea baba yao alipofariki. Ndiye aliyemsomesha kwa mshahara wa kuchochea kuni kwenye boila hiihii, na ndiye aliyemwingiza kiwandani.

"Kaka, lakiri imekatwa."

"Naona."

"Nani kaikata?"

"Wenye mali yao. Kuna barua." Alichomoa karatasi mfukoni, akampa. Ilikuwa na muhuri wa ofisi ya ukaguzi, na ilisema mtambo umekaguliwa upya Jumamosi na kuonekana salama.

"Jumamosi nilikuwa hapa kutwa nzima nazoa majivu. Hakuja mtu."

"Barua inasema alikuja."

"Na ule waya kule juu?"

Kaka yake hakutazama juu. "Vali ilikuwa inamwaga mvuke kabla ya wakati. Shehena inatakiwa Alhamisi. Siku nne tu, mdogo wangu. Alhamisi jioni tunazima, fundi anakuja, mambo yanakwisha."

"Kaka, hiki chuma kimechoka."

"Nani kakupa kazi hii?"

"Wewe."

"Basi washa."

"Naam," akasema. Akawasha.

Siku hiyo hakula. Alikaa juu ya gogo akiutazama mshale wa geji kama mtu anayemtazama mgonjwa akihema. Saa nne mshale uligusa mstari mwekundu, saa tano ukaupita, na vali iliyotakiwa kupiga kelele ikanyamaza na waya wake. Ng'ambo ya ukuta aliwasikia wanawake wakicheka. Mmoja wao alikuwa akisimulia jinsi mumewe alivyopika uji ukaungua hadi paka akaukataa. Aliwasikia vizuri, kila neno, na hapo ndipo alipotambua jinsi ukuta ule ulivyokuwa mwembamba.

* * *

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili kwenye kota za kiwanda. Mkewe alikuwa akishona nguo za watu karibu na dirisha. Mama yake mzazi alikaa kwenye godoro lake akichambua dengu kwenye sinia, na binti yake wa miaka sita alikuwa akiandika herufi kwenye daftari.

Aliwaeleza. Hakuwa na mazoea ya kueleza, kwa hiyo maneno yalitoka shaghalabaghala, lakiri kabla ya barua, waya kabla ya lakiri. Mkewe alisimamisha cherehani.

"Kesho usiende," alisema. "Sema unaumwa."

"Nikiumwa atawashwa mwingine. Nataka kusema, atawasha mwingine."

"Basi awashe huyo mwingine."

"Na wale wanawake?"

Mama yake aliweka sinia chini. "Kakako anasemaje?"

"Anasema niwashe."

"Basi hapo mnajadili nini?" Bibi huyo hakuwa mkali, alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono. "Baba yenu alipokufa ulikuwa unanyonya kidole. Kakako ndiye babako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na wewe hujawahi kuwa mtoto wa kuvunjika."

"Mama, serikali imesema isiwashwe."

"Serikali hiyohiyo si ndiyo iliyoandika barua?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi: ofisi moja ilimkataza kwa lakiri ikamruhusu kwa karatasi, meneja alimwamuru kupitia kaka yake, kaka yake alimwamuru kwa jina la baba yao, na mama yake aliwaunga mkono wote. Aliyempinga ni mkewe tu, na mkewe naye alitaka adanganye kuwa anaumwa. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyekuwa amepitisha kiganja chini ya boila.

* * *

Jumanne aliwasha tena. Ilipofika saa nne kasoro, ule ubichi ukawa uzi. Uzi mwembamba wa maji ya moto, mrefu kama sindano ya kufumia, ukitoka kwenye maungio na kuchemka hewani kabla ya kufika sakafuni.

Hakupiga kelele. Alichukua reki ya chuma, akafungua tanuru, akaanza kuuvuta moto nje. Aliburuta magogo yanayowaka hadi sakafuni, akayafukia kwa mchanga, na moshi ukajaa chumba hadi hakuona mikono yake. Alipomaliza nyusi zake zilikuwa zimeungua. Juu, mapipa yakaacha kutokota. Kimya kile kilisikika kiwanda kizima kuliko king'ora.

Kaka yake alikuja mbio. Alipoona makaa sakafuni alimpiga kofi, moja tu, kisha akautazama mkono wake kana kwamba umemponyoka.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua, Kaka. Njoo uone."

"Sitaki kuona!"

Wakaitwa ofisini. Kwa kuwa walikuwa na majivu miguuni na ofisi ya meneja ilikuwa na zulia, karani aliwaambia wavue viatu, wote wawili. Mtunza boila aliingia peku. Kaka yake, msimamizi wa miaka ishirini, aliingia na soksi iliyotoboka, kidole gumba kikichungulia, naye akawa anakificha kwa mguu mwingine muda wote waliosimama pale.

Meneja hakupandisha sauti. "Uinjinia umesomea wapi?" aliuliza.

"Sijasomea, bwana."

"Mimi nina barua ya serikali. Wewe una nini?"

"Nimeona maji yanatoka, bwana."

"Ameona maji," meneja alimwambia msimamizi. "Nilikuomba mtu wa kuchochea kuni, wewe umeniletea mtabiri."

"Samahani, bwana. Ni mdogo wangu, nitamrudi." Kaka mtu akamgeukia nduguye. "Piga magoti uombe radhi. Kisha ukawashe."

Mtunza boila alimtazama. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia mtu huyu kitu. Alimpenda, na alimwogopa, na mara nyingi hakujua ni lipi lilikuwa likimsukuma.

"Kupiga magoti nitapiga, Kaka," alisema. "Kuwasha, siwashi."

Akapiga magoti kweli, palepale kwenye zulia, akaomba radhi kwa hasara iliyotokea, kisha akainuka, akajipangusa, akasimama. Meneja alitazama dirishani. Akasema awe ameihama kota ifikapo Ijumaa.

Uani wanawake wa kufungashia walikuwa wakirudishwa nyumbani bila ujira wa siku. Walimwona akitoka na viatu mkononi. Alitaka kuwaambia kitu, lakini mmoja, mnene, yule wa hadithi ya uji, akamuwahi.

"Ahsante, Bwana Naam! Miaka yote unakubali, leo ndiyo unajifunza kukataa juu ya sufuria yangu? Wanangu watakula nini, huo usalama wako?"

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka; alitema mate kando ya njia, si karibu sana naye, ila karibu vya kutosha.

* * *

Mama yake hakumgombeza. Alifunga nguo zake ndani ya khanga, akamwambia mkwewe amsaidie kubeba hadi kwa mwanawe mkubwa. "Sitaki kuonekana nimekaa upande wa anayemvunjia kaka yake heshima," alisema. Mlangoni alisita kidogo. Kisha akaenda.

Jioni hiyo meneja alimwambia msimamizi amtafute mtu wa kuwasha boila asubuhi. Alikwenda kwa wachocheaji wawili wa viwanda vya jirani. Wa kwanza alisikia habari ya lakiri akasema hana nafasi. Wa pili alisema ana nafasi, lakini hana wazimu. Msimamizi alirudi kwa meneja na majibu hayo, ila aliyapunguza makali.

"Wewe si ulianzia hapo?" meneja alimuuliza. "Au nawe umesahau kazi?"

Jumatano asubuhi msimamizi alivua koti lake safi, akalitundika kwenye msumari, akawasha mwenyewe. Mkewe alisimulia baadaye kwamba aliondoka nyumbani mapema, baada ya kuwaaga watoto wake watano mmoja mmoja, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Siku nzima boila ilifanya kazi. Hakikutokea kitu. Kota nzima ilijua kwamba hakikutokea kitu, na mtunza boila alipokwenda kuteka maji bombani, vijana wawili walimpisha kwa adabu ya mzaha. "Tusogee, jamani, boila isije ikatulipukia." Alirudi na ndoo zake. Mkewe alimwuliza kama amejuta.

"Naomba Mungu nijute," alijibu. "Ipite Alhamisi salama nijute maisha yangu yote."

Alhamisi saa nne walikuwa wakipakia vitu kwenye mkokoteni wa kukodi. Alikuwa akifunga kitanda kwa kamba aliposikia. Haukuwa mlio wa bomu kama watu walivyosimulia baadaye. Ulikuwa kama wa shuka kubwa linalochanwa kwa nguvu, na baada yake ukaja mluzi mrefu usiokwisha. Aliiacha kamba, akakimbia.

Wanawake walikuwa uani, kwenye mapumziko ya chai. Wote arobaini walikuwa uani, wamesimama na vikombe. Ukuta wa chumba chao ulikuwa na tundu ambalo ng'ombe angepita. Ndani ya chumba cha moto mvuke ulikuwa mweupe na mzito. Alijifunga shati lililoloweshwa usoni, akaingia akitambaa, akamkuta kaka yake karibu na mlango. Alimshika mkono amvute. Ngozi ikabaki kwenye kiganja chake. Akamshika kwa mshipi.

* * *

Kaka yake aliishi hadi Jumamosi. Walimlaza kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, chini ya chandarua ili nzi wasimguse. Uso wake haukuguswa sana. Macho yalikuwa yaleyale.

"Maji yalikuwa yanatoka," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Usiongee, Kaka."

"Niliyaona Jumatatu jioni, yakidondoka. Kabla yako."

Mdogo mtu alisogeza kiti karibu.

"Waya wa vali niliufunga mimi. Jumapili. Lakiri pia niliikata mimi. Meneja aliniambia kata, nikakata. Akaniambia funga, nikafunga. Ile barua aliiandikisha kwa mtu wake wa ofisi ya ukaguzi, mimi ndiye niliyeipeleka bahasha ya hela."

"Kwa nini, Kaka?"

Alitafuta jibu la kweli, si la kujitetea. "Miaka ishirini nimemwambia ndiyo," alisema. "Hapana nisingejua pa kuianzia." Kisha akasema, "Lile kofi..."

"Lilikwisha, Kaka."

"Halikwisha."

Muuguzi akaja akasema muda wa kutazama wagonjwa umemalizika. Waliitwa tena alasiri, kumtambua.

Baada ya mazishi mama yake alikaa ukumbini kwa marehemu, mgongo ukutani, na kila aliyekuja kumpa pole alimpokea. Mwanawe alipoinama mbele yake hakumpa mkono.

"Ungekuwa pale wewe," alisema, "mwanangu angekuwa hai."

"Ningekuwa pale mimi, Mama, angekufa mwanao mwingine."

"Najua nilichosema."

Mkewe alimshika kiwiko akamtoa nje, wakasimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya kuanikia. Pale ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa kelele, mdomo wazi, bila aibu, huku nguo za watoto wa marehemu zikimpigapiga usoni.

* * *

Siku ya nne karani wa kiwanda alileta karatasi. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akakataa maji, akaeleza kwamba kiwanda kimesikitika na kiko tayari kutoa mkono wa pole pamoja na kuiacha familia kwenye nyumba hadi mwisho wa mwaka. Ila mjane atie saini hapa chini. Baba yao mdogo, aliyekuwa amekuja kwa msiba, alipokea karatasi ile, akaitazama juu chini, akampa mtunza boila.

"Sasa wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii," alisema. "Neno lako ndilo neno. Mwambie shemeji yako atie saini, mambo yaishe."

Wote walimgeukia. Hata mama yake aliinua uso. Mtunza boila aliona kwamba walikuwa wakimngojea, watu wazima kumi na zaidi, na kwamba lolote atakaloamuru litatendeka. Kitu hicho kilimtia hofu kuliko lile zulia la meneja.

Alikwenda akaketi mkekani karibu na mjane. "Shemeji," alisema, "mimi sitakuamuru. Nitakusomea yote, kisha uamue mwenyewe."

Akasoma polepole. Karatasi ilisema kwamba marehemu alifunga vali na kuwasha mtambo kwa hiari yake na kwa uzembe wake, kinyume cha maagizo ya uongozi. Na kwamba familia haitafungua madai yoyote.

"Rudia hapo kwenye uzembe," mjane alisema.

Alirudia.

"Ni kweli?"

"Vali aliifunga yeye. Aliagizwa."

"Hapo pameandikwa aliagizwa?"

"Hapana."

Mjane alimtazama kitindamimba wake aliyelala mapajani. "Ungekuwa wewe ungetia saini?"

"Nisingetia."

"Wewe una mtoto mmoja, shemeji, na mke mwenye cherehani." Hakusema kwa ubaya. "Nipe kalamu."

Alimpa. Akaishika karatasi juu ya jalada la daftari isiteleze, mjane akaandika jina lake herufi kwa herufi. Karani alipuliza wino, akakunja, akaondoka. Baba mdogo alishusha pumzi, kisha akasema mwanamume gani anamwachia mwanamke jambo zito namna ile.

* * *

Asubuhi iliyofuata mtunza boila alivaa shati lake zuri. Mkewe alimsindikiza hadi njia panda. Walikuwa wamehamia chumba kimoja nyuma ya ghala, na cherehani ilikuwa bado haijafunguliwa kamba.

"Muhuri wa ile barua si ulitoka hukohuko unakokwenda?" alimuuliza.

"Hukohuko. Na aliyetufungia lakiri naye anatoka hukohuko. Nitamtafuta huyo."

"Utawaambia na habari ya waya? Kwamba kakako ndiye aliyeufunga?"

"Nisipoisema hiyo, mengine yote niliyonayo ni uongo."

"Mama yako atasema umemchongea maiti."

"Atasema." Alifunga kifungo cha mkono wa shati. "Na nyumba ya shemeji je? Wakiwafukuza kwa ajili yangu?"

Mkewe alifikiri. "Watakuja kwetu," alisema. "Tutabanana."

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido iliyonuka dawa ya sakafu. Karani wa mapokezi alikuwa msichana mwenye miwani na daftari kubwa lenye mistari ya kujaza. Alimwuliza jina, akaandika. Alimwuliza shida yake.

"Nimekuja kueleza habari ya boila iliyoua mtu."

Msichana alisita kidogo, akaandika. Kalamu ikahamia safu iliyofuata.

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa."

"Kiwanda? Chama cha wafanyakazi? Familia ya marehemu?"

"Hapana. Hakuna."

"Hapa siwezi kuacha wazi, baba. Lazima niandike aliyekutuma."

Alitazama ile nafasi tupu kwenye mstari, nyembamba, isiyotosha maneno mengi.

"Andika nimekuja mwenyewe."

Msichana akaandika, akamwonyesha benchi. Walikuwepo watu watatu mbele yake. Akakaa, akaiweka mikono yake juu ya magoti, akangoja zamu yake.